Uwanja wa Ndege Unaofunikwa na Bahari

HAMISI: Karibuni tena. Jana usiku Zuhura kanitumia picha ya ndege imesimama ufukweni, maji yanaonekana pale pale. Nikajua imeanguka.

ZUHURA: Imetua salama, kaka yangu! Hapo ni Barra, kisiwa kidogo magharibi ya Uskoti. Uwanja wenyewe ni ule mchanga, unaitwa Traigh Mhòr. Bahari inaufunika mara mbili kwa siku.

HAMISI: Uwanja mzima?

ZUHURA: Njia zote tatu. Jengo la abiria na mnara ndivyo viko nchi kavu. Huko mchangani hakuna lami, ni nguzo za mbao tu zinazoonyesha njia inaishia wapi. Njia hizo zimekaa pembetatu, ili rubani achague inayoelekea upepo.

HAMISI: Sasa abiria anajuaje saa ya kuondoka?

ZUHURA: Sisi wa Wete, Pemba, hilo tunalijua tangu utotoni. Maji yakipwa leo saa nne, kesho yatapwa saa tano kasoro dakika kumi hivi. Basi na ndege ya kutoka Glasgow saa zake zinahamahama. Anayepanga ratiba anaanza na jedwali la maji.

HAMISI: Mimi wa Dodoma nimezoea basi lichelewe kwa sababu ya kondakta, siyo mwezi wa angani unaovuta maji ya bahari.

ZUHURA: Wao wamezoea. Ndege zilianza kutua hapo 1933, uwanja ukafunguliwa rasmi 1936. Mpaka leo ndio pekee duniani ambako ndege za abiria za ratiba zinatua kwenye mchanga unaofunikwa na maji kujaa.

HAMISI: Mchanga haumezi magurudumu?

ZUHURA: Umeshawahi kutembea pwani maji yakiwa yametoka sasa hivi? Mgumu, hata baiskeli inapita. Na ndege ni ndogo, aina ya Twin Otter ya shirika la Loganair, pangaboi mbili, abiria hawazidi 19. Haihitaji njia ndefu. Adui ni chumvi, inakula chuma, kwa hiyo ndege lazima ioshwe kwa maji matamu.

HAMISI: Watu wa kisiwa wanapita wapi?

ZUHURA: Hapo hapo! Wanaokota kombe za baharini, kama mama zetu. Ila wanatazama ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Ukiwa juu ya mlingoti, uwanja unafanya kazi, toka mchangani.

HAMISI: Na usiku?

ZUHURA: Safari za kawaida ni mchana tu. Ila kukiwa na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, watu huleta magari pwani wakawasha taa, rubani aone pa kutua.

HAMISI: Mh! Wewe ungepanda?

ZUHURA: Siku ya bamvua, maji yakishakwenda mbali kabisa, napanda. Siku za maji mafu, yasipotoka sana, nakuachia wewe kiti changu.