Jinsi ya kupata mchapuko wa gari ukiwa na kasi na umbali tu

Karibuni. Leo tuna hesabu ya fizikia ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huiogopa bure. Tunatafuta mchapuko wa gari, yaani kasi yake inaongezeka au kupungua kwa kiasi gani kila sekunde. Saa ya kupimia muda hatuna. Tulicho nacho ni kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, na umbali uliokwendwa kati ya hizo mbili.

Matatu imesimama steji ya Roysambu. Makanga anagonga bodi, dereva anaweka gia, wanaingia Thika Road. Mita 200 mbele, mshale unasoma kilomita 72 kwa saa. Shika kalamu.

Kwanza andika unachokijua. Kasi ya mwanzo, u, ni 0 kwa sababu matatu ilikuwa imesimama. Kasi ya mwisho, v, ni 72. Umbali, s, ni mita 200.

Usikimbilie fomula bado. Umbali uko kwa mita ilhali kasi iko kwa kilomita, kwa hivyo gawanya 72 kwa 3.6. Hiyo 3.6 inatokana na sekunde 3,600 za saa moja kugawanywa kwa mita 1,000 za kilomita moja. Unapata mita 20 kwa sekunde. Ukiiruka hatua hii, jibu lako litakuwa karibu 13, na jiwe likiangushwa kutoka juu ya jengo la KICC huchapuka kwa 9.8 tu. Sijaona matatu ya namna hiyo, hata zile za Rongai.

Sasa fomula, iko hapo kwenye skrini:

v² = u² + 2as

Tunataka a, yaani mchapuko, ibaki peke yake:

a = (v² − u²) ÷ 2s

20 mara 20 ni 400. Toa 0. Chini, 2 mara 200 ni 400. Jibu ni 1: kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka kwa mita 1 kwa sekunde. Basi ilichukua sekunde 20 kufika hapo, na hatukutazama saa.

Na kama gari lilikuwa tayari linatembea? Tuseme limetoka kilomita 36 hadi 72 kwa saa ndani ya mita 100. Hizo ni mita 10 na mita 20 kwa sekunde. Hapa ndipo alama hupotea: mtu anatoa kwanza, 20 toa 10, kisha anazidisha 10 kwa 10. Hapana. Kila kasi izidishwe kwa yenyewe kwanza: 400 toa 100 ni 300. Gawanya kwa 200, ni 1.5.

Tuje kwenye breki, sehemu ninayoipenda zaidi. Kilomita 80 kwa saa, kikomo cha matatu hapa Kenya, ni mita 22.2 kwa sekunde. Gari likisimama ndani ya mita 50, v ni 0, na mchapuko unatoka hasi 4.9. Alama ya kutoa inakwambia kasi inapungua. Sasa breki zilezile, barabara ileile, lakini uko kwa kilomita 50 kwa saa: unasimama ndani ya mita 20 hivi. Kasi haijafika hata mara mbili, umbali umepita mara mbili u nusu, kwa sababu ya ule mraba. Na hapo sijahesabu muda wa mguu kufika kwenye breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 22.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, pima umbali kwenye ramani ya simu, na mshale usomwe na abiria, si dereva. Fomula hii inachukulia kwamba mchapuko haubadiliki njiani. Gari halisi hubadilisha gia na huzibwa na jam, kwa hivyo utakachopata ni wastani.

Zoezi: boda boda iko kwa kilomita 54 kwa saa, inafunga breki na kusimama baada ya mita 25. Jibu ni hasi 4.5. Ukipata hasi 58, hukugawanya kwa 3.6.