Linki Iliyokufa Bado Ina Wasomaji

Habari za asubuhi. Naona wengi humu mna kampuni ndogo za utalii, basi mifano nitaichukua kwenye kazi yenu.

Kila mmoja anataka tovuti kubwa ziweke linki ya kwenda kwake. Sababu mnaijua: tangu Larry Page na Sergey Brin waanzishe Google mwaka 1998, linki kutoka tovuti nyingine inahesabiwa kama kura ya kukupandisha kwenye matokeo ya utafutaji. Ndiyo maana mnatumiwa ujumbe wa "linki mia kwa elfu hamsini". Achaneni nao. Google inazikataza linki za kununua, na sasisho lake la 2012 lililoitwa Penguin, badiliko la jinsi inavyopanga matokeo, liliwashusha wengi waliozitegemea.

Njia ninayoileta ni ya taratibu: unatafuta linki zilizokufa kwenye tovuti za wengine, unampa mwenye tovuti ukurasa wako auweke mahali pake. Kituo cha utafiti cha Pew kilitoa ripoti mwaka 2024: asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kurasa zimekufa, lakini linki za kwenda huko bado zimetapakaa, na anayebofya anakutana na 404, ule ujumbe kwamba ukurasa haupo.

Tuchukue Kenya. Januari 2024 viza iliondolewa, ikaja eTA, kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni. Sasa tuseme yuko mwandishi wa safari Ujerumani aliyeandika mwongozo wa Mombasa na Diani mwaka 2018, akaweka linki ya maelezo ya viza kutoka kampuni ambayo leo imefungwa. Ukurasa ule hata ungekuwepo, ungempotosha mgeni. Nawe una ukurasa unaoeleza eTA hatua kwa hatua. Hapo ndipo pa kubisha hodi.

Lakini kwanza chukua anwani ile mfu uipeleke kwenye Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani la Internet Archive. Tazama kilichokuwepo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka tu. Kama palikuwa na orodha ya nyaraka za kuombea viza, ukurasa wako wa bei za safari hauzibi pengo hilo, hata uupambe vipi. Andika wako upya, kwa taarifa za leo. Wala usinakili ule wa zamani. Kufutwa kwake hakujafuta haki za aliyeuandika.

Halafu barua pepe. Fupi, kwa jina lake, tena kwa lugha yake ukiweza:

"Nimesoma mwongozo wako wa Diani. Kwenye aya ya viza, linki ya pili haifunguki. Ile ya ratiba ya treni ya Mombasa nayo haifunguki. Siku hizi Kenya inatumia eTA. Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya serikali, na sisi tumeeleza utaratibu wake hapa."

Mmeiona ile ya treni? Haikuletei kitu. Lakini inamwonyesha kwamba umesoma kazi yake kweli, hukuja kuomba tu.

Kuhusu Wikipedia, msijisumbue: linki zake za nje zina alama ya kuiambia Google isizihesabu, na ukipachika zako unafutwa kama mtangazaji.

Wengi hawatajibu. Kumbusha mara moja baada ya wiki, basi. Wapo watakaorekebisha na kuweka linki ya serikali peke yake, wewe wakakuruka. Hao waandikie asante, uende kwenye tovuti inayofuata.