Uvimbe Usiouma Chini ya Sikio

Wekeni kidole mbele ya sikio, mshuke nacho hadi kwenye pembe ya taya. Hapo pana tezi kubwa ya mate, ile inayovimba mtoto akiugua matumbwitumbwi. Tezi kubwa tunazo jozi tatu. Vitezi vidogo vimetapakaa mdomoni na kooni, 600 hadi 1,000.

Uvimbe mwingi hutokea kwenye tezi hiyo ya sikioni, na mara nyingi si kansa. Ukitokea kwenye vitezi vya kaakaa, karibu nusu huwa kansa. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo wasiwasi wangu unavyozidi.

Leo nataka kuzungumzia kansa moja tu ya tezi za mate, nayo ni adimu: adenoidi sistiki kasinoma. Ukiitazama kwa hadubini utaona matundumatundu, kama chekeche. Haina haraka. Hutambaa kando ya mishipa ya fahamu, kama mmea unavyoparamia fito, na daktari akikata uvimbe wote anaouona, mizizi huenda imeshafika mbali. Ndiyo maana baada ya upasuaji mgonjwa hupelekwa kwenye mionzi.

Sasa, mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita katikati ya tezi ya sikioni. Kansa ikiushika, mtu anaanza kupooza upande mmoja wa uso, jicho halifumbi, nyumbani wanasema kiharusi. Mwambieni akunje paji la uso. Mwenye kiharusi kwa kawaida hulikunja, aliyeshikwa mshipa huu hawezi. Na kama kupooza kumekuja polepole, wiki kwa wiki, pamoja na uvimbe, msimpeleke kukandwa. Uvimbe utolewe chembe kwa sindano, zipimwe.

Nimeulizwa hapa kama ugoro huleta kansa ya tezi za mate. Tony Gwynn, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alifariki 2014 akiwa na miaka 54 kwa kansa ya tezi ya mate, naye aliamini ni tumbaku aliyokuwa akiitia mdomoni. Ushahidi kwa tezi za mate ni dhaifu. Kwa kansa ya kinywa chenyewe, hapo hakuna ubishi.

La mwisho ni kadi ya kliniki. Miaka mitano ikipita salama, jamaa hufanya sherehe, na kadi hutupwa. Kansa hii huweza kuonekana mapafuni baada ya miaka 10, hata 15. Wapo wanaoishi na madoa ya kansa hiyo mapafuni miaka mingi bila hata kukohoa, lakini tunayajua kwa sababu walirudi kupigwa picha.