Nani Ameshinda? Muulizeni Aliyepanga Alama

Asanteni. Kaeni, kaeni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilalamika juu ya jambo hili, jinsi waandaaji wa mashindano ya CrossFit, huu mchezo wetu wa mazoezi mchanganyiko ya nguvu na pumzi, wanavyopanga alama, na wapo hapa mbele wanaocheka tayari kwa sababu wanajua ninakoelekea. Chekeni tu. Nitaacha kulisema siku waandaaji watakapoacha kulifanya.

Sipotezi muda kueleza aina za mazoezi ya mashindano. Mnazijua: kuna la kumaliza kazi haraka, kuna amrapu ambapo saa imefungwa na unahesabiwa raundi na marudio, kuna la uzito mkubwa kuliko wote unaoweza kuuinua. Fran, lile zoezi la kusukuma chuma juu na kujivuta kwenye bomba, mmeifanya, marudio 21, 15, 9, na wote mmeishia kulala chini. Mimi nataka tuangalie kinachotokea mkiwa bado mmelala pale, karatasi ya mwamuzi inapopelekwa mezani na jasho linageuzwa kuwa namba.

Nianze na kikomo cha muda. Chukueni zoezi hili: kuruka kamba mara 100, kamba ikipita mara mbili kwa kila mruko, kisha kuinua chuma mara 30, kisha kujivuta hadi juu ya ringi zinazoning'inia mara 10. Jumla marudio 140. Kikomo ni dakika 12. Asiyemaliza anaongezewa sekunde moja kwa kila rudio alilobakiza. Kanuni hii mmekutana nayo mara ngapi? Inapendwa kwa sababu ni nyepesi kuingiza kwenye kompyuta, basi.

Mchezaji wa kwanza anamaliza zote kwa 11:58. Wa pili kamba na chuma anavimudu, lakini ringi hajawahi kupita juu yake hata siku moja. Anabakiza 10. Alama yake 12:10. Sekunde 12! Huyu kafanya zote kumi, yule hawezi hata moja, na karatasi inatuambia wameachana kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Sasa geuzeni mpangilio: ringi kwanza, halafu chuma, kamba mwisho. Yule wa pili anasimama chini ya ringi dakika 12 nzima, anabakiza 140, alama yake inakuwa 14:20. Mwili ni uleule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni mstari upi ulichapwa juu.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia: mwalimu, hizo sekunde ni mapambo, mwishowe kinachohesabiwa ni nafasi. Haya, twende kwenye nafasi.

Kuna mashindano nilikaa meza ya alama, na zoezi lilikuwa la namna hii hii, ringi mwishoni. Dada mmoja alifika kwenye ringi zikiwa zimebaki kama dakika tano. Kwenye kundi lake hakuna aliyekuwa karibu naye. Akapaka chaki, akaruka, akavuta, kifua kikafika usawa wa ringi, viwiko vikagoma kugeuka. Akashuka. Akapaka chaki tena. Mwamuzi wake amekunja mkono kifuani, kalamu imebanwa kwenye ubao, hana cha kuandika. Dada yule alijaribu mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, na kengele ikalia. Mstari wa pembeni, mwenzake alikuwa ameweka chuma chini kwa mara ya mwisho sekunde chache kabla ya kengele ileile. Ringi hakuzigusa. Karatasi mbili zikaja mezani kwetu: 130 na 130. Nikauliza, huyu alifika kwenye ringi dakika ya ngapi? Hakuna aliyeandika. Kwenye karatasi hapakuwa na nafasi ya kuandika! Wakapewa nafasi ileile, wao na wengine wengi walioishia 130.

Hilo silo kosa la mwamuzi. Ni kosa la mtu aliyekaa na kikombe cha chai wiki tatu kabla, akapanga zoezi lenye ukuta mwishoni, asijiulize watu watakaorundikana chini ya ukuta atawatofautisha vipi. Dawa yake haina ugumu. Andika muda wa mchezaji kumaliza marudio ya chuma, utumie muda huo kuvunja sare. CrossFit wenyewe wanafanya hivyo kwenye Open, mashindano yao ya awali yaliyo wazi kwa wote: aliyemaliza anapangwa kwa muda, asiyemaliza anapangwa kwa marudio chini ya wote waliomaliza, na zoezi linapohitaji kunakuwa na muda wa kuvunja sare uliotangazwa mapema. Ni kisanduku kimoja tu kwenye karatasi. Nimeomba kisanduku hicho mpaka sauti imenikauka.

Na tafadhali mtu asiniambie kwamba anayeshindwa ringi amestahili. Amestahili kuwa chini ya anayeziweza, sawa kabisa. Hajastahili kuwa sawa na aliyemaliza chuma dakika tano nyuma yake.

Tuje kwenye kujumlisha mazoezi. Huwezi kujumlisha kilo na dakika, kwa hiyo kila zoezi tunaligeuza kuwa nafasi. Kwenye Open nafasi zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo yuko juu. Kwenye fainali, CrossFit Games, kuna jedwali la pointi, wa kwanza 100 kisha zinashuka. Njia zote mbili zina ugonjwa mmoja: zinapuuza umbali kati ya mtu na mtu. Ukimshinda mwenzako kwa dakika mbili au kwa nusu sekunde, ni nafasi moja tu.

Tuseme Asha na Neema wanashindana mazoezi matatu. La kwanza Asha anamwacha Neema dakika mbili. La pili na la tatu Neema anashinda kwa sekunde moja moja. Wakiwa wawili tu, Asha ana 1, 2, 2, jumla 5. Neema ana 2, 1, 1, jumla 4. Neema bingwa. Sasa ongezeni washiriki wanne ambao kwenye zoezi la kwanza wanaingia katikati ya zile dakika mbili, na kwenye mengine mawili wanabaki nyuma ya wote wawili. Asha bado ana 5. Neema sasa ana 6, 1, 1, jumla 8. Asha bingwa! Asha hakukimbia zaidi, Neema hakupungua kitu. Watu wanne wasio na uwezo wa kushinda chochote wamemchagua bingwa.

Mnadhani nimetunga? Mfano nimetunga, jambo lenyewe halikutungwa. Angalieni ukweaji kwenye Olimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Pale nafasi za sehemu tatu zilizidishwa badala ya kujumlishwa: kasi, miamba mifupi, ukuta mrefu. Alberto Ginés López wa Hispania alipata 1 mara 7 mara 4, yaani 28, akachukua dhahabu. Jakob Schubert alikuwa wa mwisho kupanda ukuta mrefu. Kabla hajaanza, Adam Ondra ndiye aliyekuwa akiongoza ukuta huo, na kama angebaki wa kwanza, Schubert akiishia wa pili au wa tatu, hesabu yake ingekuwa 4 mara 6 mara 1, yaani 24. Dhahabu. Schubert akafika kileleni, Ondra akawa wa pili, hesabu ikawa 48, akaishia nafasi ya sita. Schubert mwenyewe alipata shaba. Yaani aliyemfungia Ondra njia ya dhahabu hakuichukua yeye.

Basi tutumie jedwali kama la dekathloni, ile riadha ya michezo kumi, si ndiyo? Swali hili naulizwa kila mara, na kwa sauti ya mtu aliyegundua moto. Dekathloni inaangalia ulichofanya, haiangalii uliyemshinda. Mita 100 unatoa muda wako kwenye 18, unapandisha kwa kipeo cha 1.81, unazidisha kwa 25.4347, pointi zako zimepatikana hata ukikimbia peke yako. Safi sana. Lakini mita 100 ni mita 100 tangu Stockholm 1912, na takwimu zake zimejaa makabati. Sisi zoezi la fainali linaweza kutangazwa siku hiyohiyo na lisirudiwe tena. Jedwali utalitoa wapi? Kwa hiyo nafasi tutaendelea kuzitumia. Nisichokubali ni mtu kuzitumia kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni.

Mkitaka kujua uzito wake, mwaka 2017 kwenye CrossFit Games pale Madison, Marekani, baada ya siku nne, Tia-Clair Toomey alimshinda Kara Webb kwa 994 dhidi ya 992. Pointi mbili. Kwa tofauti kama hiyo, nafasi moja tu kwenye zoezi mojawapo la juma lile ingeweza kubadili jina kwenye kombe. Ndiyo maana namwambia mchezaji wangu asijisifu kwa zoezi alilolishinda. Nataka kujua lile baya kabisa lilimwacha nafasi ya ngapi.

Naona ishara ya muda. Basi haraka. Amrapu: kama raundi ni kujivuta 5, pushapu 10, kuchuchumaa 15, mtu anayekamatwa na kengele kwenye kuchuchumaa anaokota marudio kirahisi kuliko aliyekamatwa akining'inia kwenye bomba, kwa hiyo pangeni kasi mkijua kengele itawakuta wapi. Mashine ya makasia inayohesabu kalori moja kuwa sawa na rudio moja, mtu mzito anawashukuru sana. Tabata, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika mara nane, inayochukua raundi yako mbovu kuliko zote nane, usianze kama umefukuzwa na mbwa. Na nyie wa timu, someni kama saa inasimama mtu wa kwanza akivuka mstari au wa mwisho. Nimeona watu wakishangilia huku mwenzao bado yuko kwenye chuma. Uzito na majaribio matatu naacha, hatutamaliza leo.

Maswali. Ndiyo, wewe wa fulana nyekundu. Hapana, ringi nimemaliza. Uliza lingine.