Msafiri H. Kapata Kazi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia namna ya kukaa sawa baada ya kukosa kazi ya uhadhiri. Nimeandaa mambo matatu, haya hapa kwenye karatasi. Ila mwenzangu kaingia na simu isiyonyamaza. Msafiri, nini hicho?

MSAFIRI: Hongera. Watu wananipongeza.

ZUHURA: Umepata?

MSAFIRI: Sijapata. Ndiyo kasheshe yenyewe.

ZUHURA: Sijaelewa.

MSAFIRI: Si mnakumbuka nilikwenda Dodoma kwenye usaili? Mchujo wa kuandika nikapita, mahojiano nikaona nimejieleza. Sasa juzi jioni likatoka tangazo la kuitwa kazini. Si unayajua yale, kurasa na kurasa, majina kwa herufi kubwa, mwajiri huku, kada pale. Nashuka, nashuka, naliona jina. La kwanza langu, la mwisho langu, katikati H.

ZUHURA: Na baba yako ni mzee Hamisi.

MSAFIRI: Ee! Nikasimama kabisa. Kuangalia kada: mhadhiri msaidizi, uchumi.

ZUHURA: (anacheka) Wewe na jiografia yako!

MSAFIRI: Mimi na jiografia yangu tangu shahada ya kwanza. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya maombi ya ajira, labda wamechanganya. Barua ya kupangiwa kituo hakuna. Sasa wakati nahangaika huko, baba mdogo wa Tanga keshapiga picha ule mstari, kazungushia duara jekundu, kautupa kwenye kundi la ukoo. "Alhamdulillah, mwanetu mhadhiri."

ZUHURA: Hukukanusha?

MSAFIRI: Niliandika, "Jamani, subirini kwanza." Wakasema angalieni kijana alivyo mnyenyekevu.

ZUHURA: Mungu wangu.

MSAFIRI: Na kuna harusi ya binti wa shangazi. Kwenye kadi ya mchango niliahidi elfu hamsini. Mweka hazina kanifuata pembeni: "Mhadhiri, hii hamsini tuifute tuandike laki mbili?"

ZUHURA: Mpe namba ya Msafiri H. alipe yeye.

MSAFIRI: Simjui hata kwao!

ZUHURA: Masikini. Hajaripoti kituoni na keshakuwa na deni la harusi Tanga. Ataanza kazi anadaiwa kitenge cha sare.

MSAFIRI: Hiyo H yenyewe ni ya nani? Haji? Hassani? Usiku nimekaa naiwaza hiyo herufi.

ZUHURA: Habibu.

MSAFIRI: Habibu hapana. Nitakosa kazi kwa mtu yeyote, si kwa mtoto wa Habibu.

ZUHURA: Haya, turudi kwenye karatasi. Jambo la kwanza nililoandika...

MSAFIRI: Ngoja, sijakwambia la Profesa. Yule mdhamini wangu, ninayemwandika kwenye kila ombi. Kapiga simu mwenyewe asubuhi, sauti imejaa furaha. Kaona jina. Huyo ndiye ilibidi nimwambie kweli: "Shikamoo Prof, yule siye mimi." Kimya. Halafu kasema, "Aa. Basi tutaandika tena." Yaani hilo ndilo lililoniuma kuliko lote. Kukosa kwenyewe hakukuuma hivyo.

ZUHURA: Kwa sababu mpaka hapo ulikuwa hujakosa mbele ya mtu.

MSAFIRI: Labda. Maana hakuna anayekuandikia "ndugu, hukupata, na sababu ni hii." Kuna ule mstari tu kwenye tangazo, kwamba ambao majina yao hayapo wasisite kuomba tena. Umekosa kwa kutoonekana. Ila aliyepata anaonekana nchi nzima, mpaka kwa baba mdogo.

ZUHURA: Na mpaka kwa mweka hazina.

MSAFIRI: Mweka hazina usimtaje.

ZUHURA: Sasa niulize swali, usinikasirikie. Umeshafunga huu ukurasa?

MSAFIRI: Nifunge vipi na mimi niko kwenye kanzidata?

ZUHURA: Nilijua. Nilijua tutafika huko.

MSAFIRI: Si maneno yangu. Juu ya tangazo lenyewe imeandikwa, orodha ni pamoja na waliokuwa kwenye kanzidata. Yaani mtu alifaulu usaili, nafasi zikajaa, akahifadhiwa, leo kaitwa. Kwa nini isiwe mimi?

ZUHURA: Una uhakika umo?

MSAFIRI: Nilijibu vizuri.

ZUHURA: Sikuulizi ulijibuje. Una uhakika umo?

MSAFIRI: ...Nina matumaini.

ZUHURA: Na kwa matumaini hayo umeikataa kazi ya mradi Morogoro.

MSAFIRI: Mkataba wa mwaka mmoja, Zuhura! Nikienda huko nani atanikumbuka darasani? Hapa nafundisha kwa masaa, wanafunzi wananijua, nafasi ikitangazwa niko mlangoni.

ZUHURA: Hayo masaa ya muhula uliopita wameshakulipa?

MSAFIRI: Usiingize hayo.

ZUHURA: Nayaingiza. Wewe unakifadhili chuo cha watu kwa mfuko wako, unaita kuwa mlangoni. Mimi nilikuwa na shahada ya kwanza yenye wastani wa alama, ile GPA, wa 3.6. Tangazo la mhadhiri msaidizi linataka 3.8, na ya uzamili 4.0. Ya uzamili nilikuwa nayo, tena na ziada. Lakini 3.6 haisomi vitabu usiku ikaamka 3.8. Nililia, nikatafuta kazi ya ufuatiliaji na tathmini, maisha yakaendelea. Namba ilinifanyia hisani, haikuniachia ndoto.

MSAFIRI: Sasa hapo ndipo tunapoachana. Wewe ulikataliwa na hesabu. Hesabu haijakuona ukifundisha. Mimi nimesimama mbele ya jopo, wamenitazama usoni, mmoja alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Huwezi kuniambia nifanye kama wewe.

ZUHURA: Sikuambii ufanye kama mimi. Nakuambia mtu wa jopo kutikisa kichwa si barua.

MSAFIRI: Na ulivyoondoka wewe, hujawahi kujuta?

ZUHURA: Hilo halihusiani.

MSAFIRI: Linahusiana sana. Kila nikikuta umeandaa kipindi, kuna mpangilio, kuna mifano, kuna marudio. Hiyo ni mihadhara, dada yangu. Hukuondoka. Umehamia kwenye maikrofoni.

ZUHURA: (kimya) Bado ulipaswa kwenda Morogoro.

MSAFIRI: Na bado siendi. Kuajiriwa mara ya kwanza serikalini mwisho miaka 45. Nina muda.

ZUHURA: Yaani utasubiri mpaka 45?

MSAFIRI: Sikusema hivyo.

ZUHURA: Ndivyo ulivyosema! Wasikilizaji wamesikia.

MSAFIRI: Wasikilizaji waamue.

ZUHURA: Wasiamue chochote, watagawanyika kama sisi. Swali dogo basi: ukoo utauambia lini?

MSAFIRI: Baada ya harusi.

ZUHURA: Msafiri!

MSAFIRI: Nikisema sasa, shangazi atasema nimekwepa laki mbili.

ZUHURA: Na usiposema utailipa?

MSAFIRI: Nitalipa hamsini yangu. Iliyobaki amalizie mtoto wa Habibu.

ZUHURA: (anacheka) Jamani, naonyeshwa dakika mbili. Na haya mambo matatu?

MSAFIRI: Taja vichwa tu.

ZUHURA: La kwanza lina maelezo, siwezi kulitaja juu juu. La pili ni wadhamini, na Profesa ameshalimaliza. La tatu... mwandiko wangu mwenyewe siusomi. Basi. Kuna msikilizaji wa Mbeya alituma sauti kuuliza kuhusu somo la majaribio mbele ya jopo, uandae slaidi au utumie ubao. Tulimwahidi leo. Ndugu yangu, tuwie radhi, wiki ijayo tunaanza na wewe.

MSAFIRI: Aandae vyote viwili, umeme usimuaibishe. Na awe na kalamu yake ya ubao, za pale huwa zimekauka.

ZUHURA: Haya, kashajibiwa. Tuonane Alhamisi.

MSAFIRI: Na kuhusu kanzidata nilitaka kuongeza...

ZUHURA: Zima hiyo maikrofoni.