Inositoli, Insulini na Mzunguko wa Hedhi

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie inositoli, kirutubisho ambacho wanawake wengi hukitumia wakitumaini kwamba kitawarekebishia hedhi iliyovurugika. Msimamo wangu ni huu: inositoli ina kazi inayoeleweka mwilini, lakini haiwezi kutarajiwa kumfaa mwanamke ambaye chanzo cha tatizo lake hakijulikani.

Kwa macho ni unga mweupe wenye utamu kidogo, unaoyeyuka majini. Zamani uliitwa vitamini B8, jina ambalo liliachwa kwa kuwa mwili huitengeneza inositoli wenyewe kutokana na glukosi, hasa kwenye figo, mbali na ile inayopatikana katika matunda jamii ya machungwa, kunde na nafaka zisizokobolewa. Ina maumbo tisa, na mawili ndiyo yanayotuhusu: mio-inositoli na D-kiro-inositoli.

Insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, inapofika kwenye seli, haiingii ndani, bali hushika kipokezi kilicho juu ya utando wa seli, na ujumbe wake hupelekwa ndani na kemikali nyingine. Inositoli ni malighafi ya baadhi ya kemikali hizo, na homoni inayokuza vifuko vya mayai kwenye ovari nayo huitegemea kwa namna hiyo. Seli zikiwa sugu kwa insulini, kongosho huimwaga kwa wingi zaidi ili sukari ya damu isipande, na wingi huo ndio unaoiponza ovari: huisukuma itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na wakati huohuo hulipunguzia ini uwezo wa kutengeneza protini inayozifunga homoni hizo katika damu. Vifuko vya mayai huanza kukua kisha husimama njiani, yai halipevuki wala halitoki, na kwa kuwa yai halikutoka, projesteroni, homoni inayotulia utando wa mfuko wa uzazi baada ya yai kutoka, haipatikani ya kutosha. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa, hedhi hukawia kwa miezi, kisha pengine huja kwa damu nyingi ya kuchosha. Mwanamke huona chunusi na nywele kidevuni, na mara nyingi huambiwa kwamba hayo ni maumbile yake tu, jambo linalonisikitisha sana.

Huo ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ulioelezwa mwaka 1935 na madaktari Stein na Leventhal wa Chicago. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajapimwa wakaujua.

Mwaka 1999 mtafiti John Nestler na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 44 wanene wenye ugonjwa huu. Kati ya 22 waliopewa miligramu 1,200 za D-kiro-inositoli kila siku, 19 walipevusha yai; kati ya 22 waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni 6 tu. Matokeo hayo yaliamsha matumaini makubwa, ila kundi lilikuwa dogo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 kuhusu ugonjwa huu unasema kwamba inositoli inaweza kufikiriwa kwa mwanamke anayeipenda, kwa kuwa madhara yake ni machache, lakini ushahidi kwamba inarudisha upevukaji wa yai au kupunguza uzito ni haba, na kwa nywele zilizozidi metformini, dawa ya kisukari, imeonyesha nafuu zaidi. Naukubali uamuzi huo.

Anayeamua kuitumia asome lebo kwa makini. Kiwango kilichozoeleka katika tafiti ni gramu 4 za mio-inositoli kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Kapsuli ya miligramu 500 ikimezwa moja tu, haifiki hata robo ya kiwango hicho. Kuzidisha nako hakufai: D-kiro-inositoli ikiwa nyingi huweza kuzuia kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ya kike. Anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka.

Hedhi hukosekana pia kwa sababu ya ujauzito, hitilafu ya tezi ya thairoidi, prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) kuwa juu, au mazoezi makali yasiyoendana na chakula cha kutosha, na hayo yote hayatibiwi kwa unga huu. Aliyepitisha siku 90 bila hedhi achunguzwe, kwa kuwa utando ulionenepa muda mrefu bila kubomoka unaweza kubadilika na hatimaye kuleta saratani. Tena, yai hutoka kabla ya hedhi kuonekana. Kwa hiyo mwanamke asiyetaka mimba aanze kujikinga siku ileile anapoanza matibabu, asingoje damu imjulishe kwamba uzazi umerudi.