Fremantle: Bandari Iliyopasuliwa Mwambani

Mabibi na mabwana, leo meli za makontena hufunga gati ndani ya mdomo wa Mto Swan, pale Fremantle, Australia Magharibi. Mwaka 1890 hilo halikuwezekana. Mdomo wa mto ulizibwa na mwamba wa jiwe la chokaa, vikapita vyombo vidogo tu.

Mtu wa pwani yetu atauliza: si wangengoja maji yajae? Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3. Fremantle, ng'ambo ya bahari hii hii ya Hindi, kwa kawaida hayafiki mita 1. Kwa hiyo meli zilitia nanga nje, kwenye maji ya wazi yaitwayo Gage Roads, shehena ikashushwa kwenye matishari, au zilifunga kwenye gati refu la mbao lililochomoza baharini. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma majira ya baridi, hapakuwa na kinga yoyote. Meli za barua za Ulaya zilikwenda Albany, bandari ya pwani ya kusini ya koloni hilo hilo.

Mhandisi John Coode wa Uingereza alishauri mdomo wa mto usiguswe: mchanga unaosukumwa na bahari ungefukia njia. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana mchanga umeua bandari nyingi. C. Y. O'Connor, Mwayalandi aliyekuwa mhandisi mkuu wa koloni tangu 1891, alichunguza mwendo wa mchanga ufukweni akaona ni mdogo. Kazi ikaanza 1892. Kuta mbili za mawe zilijengwa kuingia baharini, kaskazini na kusini, kuvunja mawimbi. Mwamba ukatobolewa, ukalipuliwa, vifusi vikazolewa, na kina kikachimbwa kufikia futi 30, yaani mita 9 hivi. Tarehe 4 Mei 1897 meli ya mvuke Sultan ikaingia. Barua zikahamia huko 1900. Kuhusu mchanga, O'Connor ndiye aliyekuwa sahihi: bandari yake inafanya kazi hadi sasa.

Jiwe hilo hilo ndilo lililojenga mji. Round House, jela ya pande 12, ilikamilika mwaka 1831 juu ya ardhi ambayo Wanoongar, wenyeji wa asili wa huko, huiita Walyalup. Wengi wao walifungiwa humo kabla ya kuvushwa hadi gereza la kisiwa cha Rottnest. Historia ya Fremantle isiyowataja ina pengo. Gereza kubwa la miaka ya 1850 lilijengwa na wafungwa wenyewe kwa mawe yaliyochimbwa papo hapo. Lilifungwa 1991, likawa Urithi wa Dunia 2010.

Adui wa kuta hizi ni simenti. Jiwe hili ni laini na hunyonya maji yenye chumvi. Ukiziba mishono kwa simenti, unyevu hutokea jiweni badala ya kwenye mshono. Chumvi huganda ndani, na uso wa jiwe humomonyoka kuwa unga. Anayekarabati hubandua simenti kwa patasi, huacha ukuta ukauke, kisha hujaza mishono kwa chokaa na mchanga, na kuifunika kwa magunia yenye unyevu isipasuliwe na jua. Baada ya miaka, chokaa ikilika, hujazwa tena. Jiwe hubaki zima.